Jiwe la Mia Tatu na Arobaini

Gari la mikate halikuundwa kubebea baba wa mtu. Lina rafu za chuma pande zote mbili, sakafu yake ni bati linaloteleza, na huko nyuma hakuna dirisha. Lakini ndilo gari pekee ambalo Kitinda alikuwa na ufunguo wake, na tajiri wa kiwanda cha mikate, mtu mkavu kama mkate wa juzi, alikubali kumwazima kuanzia Alhamisi hadi Jumapili kwa sharti moja tu, lirudi limeoshwa. Basi Jumatano jioni yeye na kaka yake waling'oa rafu za upande mmoja na kutandika godoro. Alhamisi kabla jua halijatoka wakamlaza Baba pale, kichwa kikielekea mbele, karibu na kile kidirisha ambacho siku za kazi hutumika kupitishia karatasi za oda.

Aliitwa Kitinda kwa sababu ni kitinda mimba, na ingawa alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne mwenye viganja vigumu vya kubeba kreti, nyumbani hakuna aliyekumbuka kumpa jina la mtu mzima. Alikuwa amesambaza mikate miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa hakuna duka lililofungua mlango kabla mkate wake haujafika. Wenzake walijivunia watoto au nyumba, yeye alijivunia kuwahi.

Na siku hiyo kulikuwa na cha kuwahi. Moyo wa Baba ulikuwa umechoka, valvu moja haifungi tena, na barua ya hospitali kubwa ilisema kitanda kimetengwa, mgonjwa aripoti Alhamisi kabla ya saa kumi jioni, asipofika kitanda kitapewa anayefuata kwenye orodha. Barua hiyo waliisubiri miezi minane. Kaka yake, ambaye ni karani wa mahakama na kila mtu humwita Karani hadi mama yake mzazi, alikuwa ameitoa nakala tatu na kuziweka katika mifuko mitatu tofauti, kana kwamba wezi wa barabarani siku hizi wanaiba barua za hospitali.

Walipangana hivi. Kitinda kwenye usukani. Mama mbele, upande wa dirisha, kwa kuwa akikaa nyuma ya gari lolote hutapika. Karani nyuma na Baba, juu ya kreti iliyogeuzwa, akilalamika kwamba makalio yake yamechorwa mistari. Mwendo ulikuwa wa taratibu, maana gari likikimbia Baba alikosa pumzi, na kila baada ya saa moja ilibidi wasimame mlango wa nyuma ufunguliwe apate hewa.

Baba hakuona kitu kutoka kule alikolala. Hata hivyo aliijua barabara ile kwa mgongo. Karibu miaka arobaini iliyopita alikuwa nyapara wa walioijenga, na mtaani mpaka leo walimwita Nyapara, hata watoto wasiojua neno hilo lina maana gani. Alikuwa amelala chali akisoma lami kama mtu anayepapasa uso wa nduguye gizani.

"Hapa ni kona ya simba," sauti yake ilikuja kupitia kidirisha. "Hakuna simba. Kulikuwa na fundi mmoja mwoga."

Kitinda alicheka. Ikaja kalavati, daraja dogo la kupitishia maji chini ya barabara, Baba akaitambua kwa mtikisiko mmoja mdogo, akasema saruji ya hapo ilikuwa mbovu, alimwambia mhandisi na mhandisi hakusikia. Ukaja mteremko, akasema hapa lori la kokoto lilipinduka na dereva akatoka ameshikilia kofia yake tu. Karani akamsihi asiongee sana, atunze pumzi. Baba akamjibu kwamba pumzi zenyewe anatunza azipeleke wapi. Ilikuwa safari yao ya kwanza pamoja tangu Kitinda amalize shule, na kwa saa kadhaa, Mungu amsamehe, alisahau kwamba walikuwa wanampeleka mtu kupasuliwa kifua. Alikuwa na furaha.

Baada ya saa saba mchana, katikati ya hadithi ya mpishi aliyepika maharage kwenye pipa la lami, Baba alinyamaza. Kitinda alitupa jicho kwenye kidirisha. Karani akasema hajambo, amefumba macho tu. Pembeni mwa barabara jiwe la kilometa lilisomeka mia tatu na ishirini na tisa. Mama alikuwa ameanza kujiweka sawa kwenye kiti chake, akafungua kioo kabisa, akakunja mkono wa gauni, maana jiwe lake lilikuwa limekaribia.

Hilo jiwe watoto walilijua kuliko walivyojua tarehe zao za kuzaliwa. Kabla ya Karani kulikuwa na mtoto mwingine, mvulana, kifungua mimba hasa. Alizaliwa kwenye kambi ya barabara. Wafanyakazi walimpa jina la utani la Meneja, kwa sababu yeye akipiga kelele kambi nzima inasimama. Kwa miezi saba Baba aliitwa Baba Meneja na Mama akaitwa Mama Meneja, kisha homa ikamchukua mtoto kwa siku mbili, daktari wa karibu akiwa mwendo wa siku nzima. Wakamzika kando ya barabara, hatua chache kutoka jiwe la mia tatu na arobaini, kambi ikahamia mbele. Mama alipelekwa kwa mama yake akapumzike. Karani alipozaliwa, Baba akaanza kuitwa kwa jina la mtoto huyu, na baadaye akawa Baba Karani, na lile jina la kwanza likazikwa nalo.

Tangu hapo, kila likizo walipopanda basi kwenda kwa bibi yao, Mama alikaa upande wa kushoto na kumwomba dereva apunguze mwendo kwenye jiwe hilo. Madereva wengine walipunguza, wengine walisonya. Yeye alitoa kiganja nje ya dirisha, hata mvua ikiwa inanyesha, akakiweka wazi mpaka jiwe lipite, kisha akakirudisha na kukifunga mapajani kana kwamba kimepokea kitu. Watoto walikatazwa kuongea. Baba wakati huo alitazama dirisha la upande wa pili. Kitinda alikuwa amechukulia kwamba wanaume huomboleza hivyo.

"Punguza mwendo, mwanangu," Mama alisema.

Kitinda akafanya zaidi. Leo dereva alikuwa yeye, si wa kusonya, na saa ya kwenye dashibodi ilisema saa saba na nusu, wana muda. Akaliegesha gari kabisa karibu na jiwe, akazima injini, akamwambia Mama ashuke leo akanyage. Mama alimtazama kama mtu aliyepewa zawadi asiyoiomba. Miaka yote hiyo hakuwahi kushuka hapo. Alifungua mlango, akaweka mguu mmoja kwenye nyasi.

"Si hapo," Baba alisema kutoka kwenye kidirisha.

Mama aliganda mguu mmoja nje.

"Mama Karani, si hapo. Rudi ndani, nikwambie."

Alichosema kilimchukua dakika kumi, kwa pumzi za kuazima. Zamani barabara ilipimwa kuanzia stesheni ya treni ya mji wao. Mwaka mmoja baada ya msiba ikapanuliwa, ikanyanyuliwa tuta, na hesabu mpya ikaanza kwenye mzunguko mpya nje ya mji, kilometa kumi na moja mbele ya stesheni. Mawe yote yakang'olewa na kupandwa upya. Aliyeyapanda alikuwa yeye, na gurudumu la kupimia, na vibarua wanne. Jiwe la mia tatu na arobaini la zamani sasa lilikuwa mia tatu na ishirini na tisa. Hili walilosimama kando yake halikuwa na mtu.

Karani, ambaye hesabu ni kazi yake, alisema basi ni kosa la mawe, halina lawama. Baba akasema asubiri.

Kabla ya kupanua, mhandisi alileta karatasi. Makaburi yote yaliyo ndani ya hatua kumi na tano kutoka barabarani yaorodheshwe, ndugu waitwe, yahamishwe kwa heshima. Kila kaburi lilimaanisha mashine kusimama wiki mbili, tatu. Mvua zilikuwa zinakuja. Yeye alikuwa amepewa unyapara mwezi uliotangulia, mdogo kuliko manyapara wote, na wapo waliokuwa wanangoja akosee. Kwenye karatasi akaandika hakuna. Dereva wa greda, aliyemjua mtoto, alizima mashine akakataa. Baba akachukua kibendera, akasimama mbele, akamwongoza mwenyewe. Kifusi kikapita juu.

"Ulipopita mara ya kwanza na basi," alisema, "pale palikuwa pamebadilika, hukupajua. Ukaliona jiwe. Ukaniuliza, ni hapa? Nikasema ndiyo."

Kitinda aliikumbuka mikono yote ile ya mvua na ya jua, kiganja wazi nje ya dirisha, kwa nyasi tupu. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyesema ile ndiyo.

Baba akaeleza kwamba alijiambia ni afadhali hivyo, Mama aombe mahali pasafi, penye majani, kuliko aone malori yanapita juu ya mwanawe. Mwaka wa kwanza alipanga kumwambia. Mwaka wa pili ikawa ngumu zaidi, na baada ya mwaka wa kumi hakujua hata aanzie wapi. Leo alikuwa amelala kwenye bati akahisi kalavati ya mahali penyewe inapita chini ya mgongo wake, na akajua kwamba asiposema sasa, barabara hii hatapita tena akiwa na mdomo wa kusemea. Aliomba jambo moja. Warudi, amwonyeshe.

Karani hakuwa na subira tena. Alisema kilometa kumi na moja kurudi, kumi na moja kuja, na mji wenye foleni mbele yao, na barua inasema saa kumi. Akasema kaburi limekaa miaka thelathini na tisa, litakaa wiki nyingine, watasimama wakati wa kurudi Baba akiwa amepona. Alisema kweli tupu. Kitinda hakuweza kupinga hata neno moja.

Mama hakuwa amegeuka. Alikuwa bado anatazama jiwe.

"Geuza gari," alisema.

Kitinda alipiga hesabu jinsi alivyopiga kila alfajiri ya maisha yake. Dakika kumi na mbili kurudi. Dakika tano pale, si zaidi. Akikaza mwendo baada ya hapo, atafika mlango wa hospitali dakika mbili kabla ya saa kumi. Dakika mbili kwake zilikuwa nyingi, alishawahi kushusha kreti thelathini kwa dakika mbili. Akamwambia Karani, tano tu, nakuahidi. Akageuza.

Baba aliwaelekeza akiwa chali. Kona hii, bado. Kalavati ya kwanza, si hiyo. Ya pili, si hiyo. Ya tatu akasema simama, hii ina mdomo wa mawe kumi na mawili kila upande, na kweli ilikuwa nao. Wakamshusha. Alikuwa mwepesi, na hilo lilimuumiza Kitinda kuliko yote, kwa sababu alikuwa anamkumbuka baba yake kama kitu kisichobebeka. Kutoka kwenye mawe yale, Baba alisema, ilikuwa hatua thelathini na moja kuelekea nyumbani. Kitinda akaanza kuzihesabu, Baba akatikisa kichwa, zilipimwa kwa hatua zake yeye, ndefu, si za mtoto. Yeye mwenyewe hangeweza hata kumi.

Ndipo Mama akamshika mkono. Alikuwa amemfuata mtu huyo nyuma miaka arobaini na zaidi, kambi hadi kambi, soko hadi nyumbani, na hatua yake aliijua. Akatembea nayo, ndefu, gauni likimbana, mume akining'inia begani na kuhesabu kwa midomo. Thelathini na moja iliwafikisha ukingoni mwa lami. Baba akaonyesha kwa kidole. Ilikuwa barabarani kwenyewe, ndani kidogo ya mstari mweupe, mahali magurudumu ya kushoto hupita.

Lori la saruji likaja, likapita hapo hapo. Mama akaruka kama aliyechomwa. Likaja jingine.

Hakulia. Alikaa chini kwenye kingo ya zege, akamvuta mumewe akae, wakakaa bega kwa bega miguu yao ikiwa kwenye changarawe. Magari yalipita. Kila lilipopita la kushoto Mama alifumba macho, na lilipokwisha pita aliyafumbua.

"Nisamehe," Baba alisema.

Mama aliyahesabu malori matatu yakipita.

"Nitakujibu tukirudi," alisema. "Kwanza ukatengenezwe huo moyo."

Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha, jambo ambalo Kitinda hakulitarajia, wakaanza kuongea. Waliongea juu ya Meneja. Jinsi alivyopenda kutafuna mkanda wa kofia ya baba yake. Jinsi mpishi wa kambi alivyombeba mgongoni akikoroga chungu. Jinsi alivyokuwa na kidevu kama cha Karani, na Karani akaja kuzaliwa nacho, Mama akashtuka. Mambo hayo hayakuwahi kutajwa nyumbani kwao hata siku moja. Mama alikuwa ameyatunza peke yake, na kumbe Baba naye alikuwa nayo yote, hata mengine ambayo Mama alikuwa amesahau. Mara moja Mama alicheka, akaziba mdomo.

Kitinda alisimama kando akiwa na saa mkononi. Dakika tano zikapita. Alikuwa amefungua mdomo aseme twendeni. Akawaona wale wawili, na akaona kwamba alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na hajawahi kuwaona wazazi wake wakiongea namna ile, hata sikukuu, hata siku ya harusi ya Karani. Akaufunga mdomo. Karani akagonga bati la gari mara mbili kutoka nyuma, Kitinda akamnyooshea kiganja, subiri. Karani akagonga tena. Zikawa dakika ishirini, zikawa thelathini. Hakuna aliyemzuia kusema. Baba alikuwa hajui saa ngapi, Mama alikuwa hajui, yeye alijua kila dakika ilipoanguka, na aliziacha. Walipoinuka zilikuwa arobaini na tano.

Aliendesha baada ya hapo kama hajawahi kuendesha. Hakusimama kumpa Baba hewa, na hata jiwe la mia tatu na arobaini lilipopita hakuna aliyeligeukia. Alizifidia dakika nyingi. Aliingia kwenye lango la hospitali saa kumi na dakika ishirini na tano.

Sista wa zamu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi, na macho ya mtu ambaye amesema neno hilo hilo mara nyingi wiki hiyo. Kitanda alikitoa saa kumi na robo. Kulikuwa na mama mmoja amekaa benchi tangu asubuhi, akisubiri kama kuna ambaye hatafika. Karani alitoa barua, nakala zote tatu, akaziweka juu ya daftari mojamoja. Sista alizisoma kwa adabu. Akasema kinachofuata kitapatikana Jumatatu, mgonjwa anaweza kusubiri kwenye korido, watamwekea godoro.

Karani alimgeukia dada yake. Hakupaza sauti.

"Umemuua baba yako kwa hadithi za mtoto mchanga," alisema, na baada ya hapo hakumsemesha.

Korido ilikuwa ndefu, rangi ya kijani hadi kifuani na nyeupe juu, na kila aliyepita alilazimika kuiruka miguu ya Baba. Ijumaa alikuwa na nafuu kidogo, akala vijiko vitatu vya uji. Alimuuliza Mama, kwa mzaha wake wa zamani, jibu lake limeiva au bado. Mama akamwambia alishasema, wakirudi. Baba akacheka bila sauti, akasema mwanamke huyu hata korti haimshindi, ndiyo maana mwanawe ni karani. Jumamosi asubuhi, wahudumu walipokuwa wanapiga deki na Kitinda amelikunja godoro upande mmoja lisilowe, Baba alivuta pumzi mbili za haraka na ya tatu haikuja.

Daktari alikuja, akainama, akaandika. Kitinda alimfuata hadi mlangoni akamuuliza kama angepata kile kitanda cha Alhamisi angepona. Daktari alikuwa kijana, amechoka, kalamu tatu mfukoni. Alisema moyo ule ulikuwa umeharibika sana. Alisema operesheni zenyewe zilikuwa zinaanza Jumatatu. Alisema pia kwamba aliyelala kitandani huwekewa mashine ya kumsaidia. Hakusema ndiyo wala hapana, na Kitinda amekuwa akiyageuza maneno hayo upande huu na upande ule tangu siku hiyo.

Walirudi naye Jumapili katika gari lile lile. Jeneza lilitosha vizuri mahali pa godoro, likafungwa kwa mikanda ya kufungia kreti. Kitinda alijua tajiri wake atasema nini. Alikuwa tayari kumrudishia ufunguo kabla hajamaliza kusema. Karani alikaa kule kule nyuma, juu ya kreti yake, akiwa amelishika jeneza kwa mkono mmoja kwenye kona. Hakulalamika makalio. Hakukuwa na sauti ya kuwaambia kona hii inaitwaje, na Kitinda aligundua kwamba anaziita mwenyewe moyoni, hii ya simba, hii ya lori la kokoto, ingawa zile walikuwa hawajazifikia na zilizokuwa mbele yake hazikuwa na majina.

Walikwenda saa mbili nzima. Kisha Mama akasema, akiangalia mbele, "Nilidhani mtu anayengoja jibu hafi."

Kitinda alitaka kumwambia si kosa lake. Alitaka mtu amwambie yeye vilevile. Lakini hayo yalikuwa maneno mawili yanayotafuta njia moja, na hakuna lililopita. Akabadilisha gia.

Jiwe la mia tatu na arobaini likatokea. Mkono wa Mama ulianza kuinuka kwenda kwenye kioo, wenyewe tu, kwa mazoea. Ukasimama njiani, ukarudi mapajani. Jiwe likapita.

Kilometa kumi na moja mbele, kwenye mawe kumi na mawili, Kitinda alisimamisha gari bila kuambiwa. Mama alishuka. Alizunguka hadi mlango wa nyuma, Kitinda akamfungulia, na jua la mchana likaingia mpaka kwenye mbao. Karani akasogea ukutani kumpisha. Mama hakupanda. Alisimama barabarani, kiganja kimoja juu ya jeneza upande wa miguu, magari yakimpita karibu na upepo wake ukimpeperusha kitambaa.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kitinda akajikuta ameinua kifundo cha mkono anatazama saa, tabia tu, tabia ya miaka tisa. Karani alimwona.

"Waache," Karani alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Alhamisi. "Hatuna pa kuwahi."

Kitinda akaivua saa, akaitia mfukoni. Hakujua kama amesamehewa.

"Baba Meneja," Mama aliita, kwa sauti ya mtu anayemwita mumewe aliye chumba cha pili. Jina hilo lilikuwa halijasikika duniani kwa miaka thelathini na tisa. Karani aliinamisha kichwa. "Nilisema nitakujibu tukirudi. Tumerudi."

Akasubiri lori lipite.

"La kaburi nimekusamehe. Ulikuwa kijana, uliogopa, na mimi ningeogopa. Ile ndiyo uliyoniambia kwenye basi, hiyo bado. Hiyo ungenipa nusu nikabeba, ungeniambia, tungemlilia pamoja miaka yote hii. Ulininyima mwenzangu. Hiyo sijaiweza, na sitakudanganya kwamba nimeiweza eti kwa sababu umekufa."

Aliondoa mkono kwenye jeneza. Akajifuta uso kwa kitambaa, mbele na nyuma, kama anayemaliza kuosha vyombo.

"Nikiiweza nitakuja kukwambia. Najua mahali."

Kisha akatembea. Hatua ndefu, hatua ya mumewe, gauni likimbana, kutoka kwenye mawe kuelekea nyumbani, akihesabu kwa midomo. Kitinda aliufunga mlango taratibu, akawasha injini na taa zote za hatari, akalisogeza gari nyuma yake kwa mwendo wa miguu ili wanaotoka nyuma wasimgonge. Hatua ya thelathini na moja Mama alisimama kando ya mstari mweupe, akanyoosha kiganja wazi juu ya lami. Nyuma ya gari la mikate magari yalianza kujipanga, moja likapiga honi, jingine likapiga. Kitinda akateremsha kioo, akatoa mkono wake nje, akawaonyesha wasubiri.